Kumpiga picha mke au mume wako: mwanga, maelewano na kazi ya watu wawili

Mteja akija studio hukaa nusu saa, hulipa, huondoka. Mwenza haondoki. Picha uliyomharibia asubuhi mtakula nayo chakula cha mchana. Faida ipo, tena kubwa: unapata uso mmoja wa kuusoma kwa miaka, katika kila mwanga na kila hali, bila kulipa modo. Ila mtu unayemwona kila siku huacha kumtazama, na mtu anayepigwa kila siku huchoka kupigwa. Mwanga hufundishika kwa wiki chache. Kinachowakwamisha wengi ni kumgeuza mke au mume kuwa stendi ya majaribio, kitu kisichochoka wala kukataa. Kwa hiyo tunaanza na maelewano, kamera baadaye.

Karatasi na kalamu kwanza

Kaeni chini muandike mambo matatu: nani ataziona picha, nini hakipigwi, na nani ana haki ya kufuta. La tatu lina jibu moja tu linalofanya kazi. Anayepigwa ndiye anayefuta, bila kuulizwa sababu. Mpiga picha atapoteza fremu mbili tatu alizozipenda, lakini atapata uso uliolegea, na uso uliolegea huwezi kuutengeneza kwenye kompyuta.

Kwenye "nini hakipigwi" msiandike "picha za heshima" mkaishia hapo. Kila mtu ana mpaka wake wa heshima. Tajeni vitu kwa majina: nywele wazi, mabega, tumbo, kovu, meno, chumba cha kulala, mtoto akiingia kwenye fremu. Kisha tengenezeni folda tatu: ya nyumbani, ya ndugu na jamaa, ya hadharani. Picha ambayo haijajadiliwa ni ya nyumbani mpaka mwenye uso aihamishe. Status ya WhatsApp ihesabiwe kuwa hadharani hata kama umechagua watu kumi tu wa kuiona, maana mmoja wao akipiga skrinishoti imekwenda.

Picha za nyumbani huvuja kwa njia za kawaida mno. Simu hupelekwa kwa fundi bila kufutwa. Simu hujihifadhia picha yenyewe mtandaoni kwenye akaunti ambayo mtoto anaitumia kwenye tableti yake. Flashi hupelekwa dukani kuprintiwa ikiwa na mafaili yote, na nakala hubaki kwenye kompyuta ya duka. Dawa ya hili la mwisho ni flashi yenye picha za kuprinti peke yake, na kusubiri pale mpaka zifutwe mbele yako.

Kama uso wa mwenza utatangaza biashara yako, kwenye bango, kadi au ukurasa wa studio, andikeni ridhaa ya ukurasa mmoja: picha zipi, zitumike wapi, kwa muda gani, na malipo yakiwepo ni kiasi gani. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na cheti cha ndoa si hati ya ridhaa.

Dakika ishirini, basi

Mkao mmoja uwe wa dakika 20, usizidi 25. Baada ya hapo mabega hupanda, taya hukaza, na unachopiga ni uvumilivu. Ili dakika 20 zitoshe, kila kitu kiwe tayari kabla hujamwita: betri imejaa, kadi ina nafasi, kiti kipo mahali pake, mwanga umepimwa. Upimie kwa chungu cha udongo kilichowekwa juu ya stuli, kimo cha kichwa. Ni cha mviringo, kina rangi ya kahawia, kitakuonyesha mwanga unavyozunguka shavu, na hakitakuuliza utamaliza lini.

Usimwite akiwa ametoka jikoni sasa hivi, uso una mvuke. Usimwite akiwa na njaa, wala saa moja kabla ya futari. Mara moja kwa wiki inatosha, na hata uchache una nguvu yake: Nicholas Nixon wa Marekani alianza mwaka 1975 kuwapiga mkewe Bebe na dada zake watatu, mara moja kwa mwaka, kwa mpangilio uleule wa kusimama, akaendelea kwa zaidi ya miaka 40. Mkitaka jaribio la namna hiyo, chagueni kiti kimoja na ukuta mmoja, wekeni alama nne za rangi sakafuni panapokaa miguu ya kiti, na alama ya tano anaposimama mpiga picha. Bila alama, baada ya miezi mitatu kamera itakuwa imesogea nusu mita na mfululizo hautalingana.

Mlango ni taa

Nyumba nyingi zetu zina taa bora kuliko ile inayouzwa dukani, nayo ni mlango ulio wazi upande usiopigwa na jua moja kwa moja. Zima balbu zote. Balbu ya LED na mwanga wa nje zina rangi tofauti, zikichanganyika upande mmoja wa uso utakuwa wa bluu na mwingine wa njano, na hakuna marekebisho yatakayoponya pande zote mbili kwa pamoja.

Weka kiti mita moja ndani ya mlango, kidogo pembeni. Mwenza ageuze mwili kuelekea mlangoni, kisha uso aurudishe kwako kidogo. Ukuta wa nyuma uwe mbali naye mita 2 au zaidi. Mwanga wa mlango hufifia kadiri unavyoingia ndani, hivyo ukuta utakuwa na giza na uso utatoka. Akiegemea ukuta, uso na ukuta hupata mwanga uleule na picha inakuwa bapa kama ya paspoti.

Tazama macho. Lazima uone kijipande cheupe cha mlango ndani ya kila jicho, sehemu ya juu. Kama hakipo, macho yatakuwa mashimo hata kama uso mzima unang'aa. Sogeza kiti mbele sentimita 20, au mwambie ainue kidevu kidogo, uangalie tena.

Upande wa kivuli weka karatasi nyeupe ya manila kutoka steshenari, nusu mita kutoka shavuni. Ngozi nyeusi na ya maji ya kunde huakisi kilicho mbele yake, kama mbao iliyopigwa vanishi. Ukiiwekea karatasi nyeupe pembeni, unapata mstari safi wa mwanga unaochora taya na shavu. Huu ndio uzuri wa ngozi zetu mbele ya lenzi, na wanaoupaka poda mpaka ukafa wanajinyima. Futa jasho kwa tishu, usifute mng'ao. Ukitaka picha nzito zaidi, ondoa manila uweke kitambaa cheusi mahali pale pale. Buibui lililotundikwa kwenye kiti linatosha, na kivuli kitaongezeka kina.

Jihadhari na kuta zilizopakwa rangi ya mafuta, ile kijani au bluu inayoishia kiunoni. Hutema rangi yake usoni, hasa chini ya kidevu. Tundika shuka jeupe juu yake au badilisha chumba.

Kipimo cha kamera kinadanganywa na ngozi

Kipima mwanga cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake ni kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huona giza, huongeza mwanga, na ngozi hutoka kama imepauka. Mtu huyohuyo akivaa kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso huzama. Marekebisho ya kuanzia ni haya: uso ukijaza fremu, punguza theluthi mbili ya stopu (stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili au kuupunguza nusu); nguo nyeupe na ukuta mweupe, ongeza theluthi mbili. Piga fremu moja, kuza usoni kwenye kioo cha kamera, kisha hamia kwenye manual, ambapo wewe ndiye unayechagua vipimo, na uvifunge. Mwanga wa mlango haubadiliki ndani ya dakika 20 isipokuwa wingu lipite, kwa hiyo hakuna haja ya kamera kukisia upya kila fremu.

Kamera ikionyesha sehemu iliyoungua, yaani iliyokuwa nyeupe tupu, kwenye kipaji cha uso, angalia ukubwa wake. Ikiwa ndogo kama punje ya mchele, ni jasho, futa. Ikiwa kama kiganja, umezidisha mwanga.

Spidi ya shata isishuke chini ya 1/160 ya sekunde. Mtu hata akitulia, anapumua. Ndani ya nyumba utahitaji ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya 400 hadi 1600, na chembechembe za ISO 1600 si dhambi. Picha iliyotikisika ndiyo haina msamaha. Piga kwa faili ghafi (RAW) kama kamera inaruhusu, na rangi ya mwanga uifunge kwenye namba moja, karibu kelvini 5500 mlangoni, 6500 hadi 7000 kivulini nje.

Kwa simu: gusa usoni, shikilia mpaka ifunge, kisha vuta alama ya jua chini kidogo. Zima kichujio cha urembo. Simu nyingi huja nacho kikiwa kimewashwa, kinang'arisha ngozi, kinafuta vinyweleo, na kinakupa mtu wa kufanana na mkeo badala ya mkeo.

Lenzi, na umbali wa heshima

Pua kubwa kwenye picha hailetwi na lenzi, huletwa na kusogea karibu mno. Simama mita moja na nusu hadi mbili. Kwenye kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ndogo, lenzi ya milimita 50 inafaa kabisa; kwenye sensa kubwa, 85. Kwenye simu usitumie lenzi ya kawaida kwa sentimita 50, rudi nyuma na utumie kuza ya mara 2 au 3.

Wengi hununua lenzi ya f/1.8, yaani tundu lililo wazi sana, na hawaitoi hapo. Fanya hesabu kwanza. Lenzi ya 50 kwenye sensa ndogo, umbali wa mita moja na nusu, ukiwa f/1.8 una kina cha fokasi, yaani eneo linaloonekana kali, cha sentimita 6 hivi. Lenzi ya 85 kwenye sensa kubwa, umbali huohuo, haizidi sentimita 4. Mwenza akigeuza uso robo tu, jicho la mbali limetoka kwenye fokasi, na akiyumba kwa kucheka yametoka yote mawili. Weka f/2.8 au f/4. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu na kamera.

Nje, muda ni mfupi

Pwani yetu iko karibu na Ikweta na jua hushuka karibu wima. Zanzibar huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi. Mwanga mtamu wa jioni hudumu kama dakika 40, si saa nzima, na baada ya kuzama una dakika 20 hivi za mwanga laini kabla ya giza. Fikeni mahali nusu saa mapema, mwenza awe amekwisha kuvaa.

Saa sita mchana achana nayo, hasa Machi na Oktoba ambapo Dar es Salaam jua linakaa utosini na macho yanageuka mashimo. Ukilazimika, tafuta ukuta mweupe unaopigwa na jua, kisha msimamishe mwenza kivulini akiutazama. Vichochoro vya Mji Mkongwe hufanya kazi hii vyenyewe, ukuta mmoja unaangaza mwingine.

Chini ya mwembe si pazuri kama panavyoonekana. Majani hupitisha kijani usoni na jua hudondosha madoa. Simama ukingoni mwa kivuli, uso utazame nje, si shinani. Mchanga mweupe wa ufukweni hurusha mwanga kutoka chini na kumpa mtu uso wa kutisha watoto. Mkalishe chini, au mtandikie kanga nyeusi mbele ya miguu, nje ya fremu.

Unachosema ukiwa nyuma ya kamera

Ukinyamaza, mwenza anadhani amekosea. Mwambie unachofanya: "Napima mwanga, mama Asha, wewe huna kosa." Toa maelekezo ya vitendo, usitoe sifa za kufikia. "Kuwa kawaida" ni amri isiyotekelezeka. Haya hutekelezeka: toa pumzi yote, shusha mabega, sogeza kidevu mbele kisha chini kidogo, tazama kizingiti, sasa nitazame mimi. Akiwa amesimama, uzito aupeleke mguu wa nyuma.

Mikono ikikosa kazi huonekana. Ipe kazi ya kweli: kusuka ukili, kumenya chungwa, kufunga kilemba, kushona kifungo. Isiwe ya kuigiza, macho ya mtu anayejifanya anasoma gazeti hujulikana mara moja. Acha kamera jichoni sekunde kumi baada ya kusema "tumemaliza", ila hili nalo liwe limekubaliwa kwenye ile karatasi.

Uso si lazima. Mpiga picha Harry Callahan alimpiga mkewe Eleanor kwa miaka huko Chicago, na katika picha zake kadhaa Eleanor ni umbo dogo kabisa ndani ya mandhari pana. Kwa mwenza asiyetaka uso wake uonekane, hapo pana kazi ya miaka: mgongo ukiwa mlangoni, kivuli ukutani, mikono iliyopakwa hina, buibui likipepea kwenye ngazi za forodhani.

Mwenza si modo tu

Mpiga picha wa Marekani Edward Weston alipopata ufadhili wa taasisi ya Guggenheim mwaka 1937, mwenza wake Charis Wilson ndiye aliyesaidia kuandika maombi, akaendesha gari safarini, akaweka kumbukumbu ya njia na kuandika maneno yaliyokwenda na picha. Wakaoana 1939. Watu humkumbuka kwa picha alizopigwa, na nusu ya kazi aliyofanya ilikuwa nje ya fremu.

Kwa studio za pwani kuna kazi ambayo mwanamume hawezi kuifanya kabisa. Harusi nyingi zina upande wa wanawake, na bibi harusi aliyevuliwa mtandio hapigwi na mwanamume asiye maharimu wake. Mke anayejua kushika kamera hufungua mlango huo. Mfundishe vitu vitatu kabla ya vingine: kufunga fokasi jichoni, kusoma sehemu zilizoungua, kubadilisha kadi. Na alipwe. Fungu lake liandikwe kwenye bei unayompa mteja, liingie kwenye simu yake, lisiyeyukie kwenye "pesa za nyumbani".

Mazoezi mengine humhusu kila mwenza: kushika manila, kupanga mkunjo wa nguo ya mteja, kukaa kwenye kiti dakika tano kabla mteja hajafika ili mwanga upimwe, na kukwambia kwamba leo unafoka.

Kuchagua

Kutoka kwenye fremu 120 toeni 12, kutoka 12 toeni 3. Kila mmoja aweke alama peke yake, mwenzake akiwa chumba kingine. Usikae begani kwake ukipumua. Mkikutana, zile mlizokubaliana zinabaki. Aliyoipenda mwenza peke yake inabaki pia. Uliyoipenda wewe peke yako, naye hajaifuta, ifungie siku 30 halafu mwonyeshe tena.

Mara nyingi atasema, "Uso wangu umepinda," nawe huoni kilichopinda. Anajijua kwa kioo, na kioo kinageuza kushoto kuwa kulia. Igeuze picha kwenye programu, mwonyeshe zote mbili, halafu aamue. Usibishane naye.

Zilizobaki ziprintiwe. Inchi 4 kwa 6 huhitaji pikseli 1200 kwa 1800. Inchi 8 kwa 12, pikseli 2400 kwa 3600. Usitume kwa WhatsApp kama picha, itabanwa. Tuma kama dokumenti. Printi moja ya majaribio kwanza, kwa sababu ngozi nyeusi hutoka nzito zaidi kwenye karatasi kuliko kwenye kioo cha kompyuta. Ongeza kidogo mwanga wa kati, yaani sehemu zisizo nyeusi sana wala nyeupe sana, weusi wa nywele usiuguse.

Akianza kukwepa

Dalili ni ndogo. Anajibu "haya, piga basi". Anavaa ile nguo anayojua huipendi. Anacheka kila shata linapolia. Masahisa Fukase wa Japani alimpiga mkewe Yoko miaka ya 1970 kutoka dirishani akitoka asubuhi kwenda kazini, picha zenye furaha na vituko. Yoko mwenyewe aliandika kwamba mumewe alimtazama kwa lenzi tu. Walitalikiana 1976.

Ukiona dalili, simamisha kwa mwezi mzima, na usiseme ni mapumziko ya kisanii. Katika mwezi huo piga vitu vyake: ndala mlangoni, miwani juu ya msahafu au daftari, kikombe chenye alama ya mdomo, kitanda upande wake asubuhi. Navyo vyote vifuate karatasi ile ile ya makubaliano.

Mkirudi, siku ya kwanza kamera ashike yeye. Iweke kwenye oto, fokasi iwe ya kufuata macho, mpe fremu 36 na dakika 20 zake, nawe ukae kwenye kiti kile, mita moja ndani ya mlango, bila kumfundisha lolote. Yeye ndiye atakayesema "shusha mabega". Picha atakazokupiga zifuate karatasi ile ile, na safari hii haki ya kufuta ni yako.